Siku Faksi Ilipofika Bila Barua

Namshukuru Mungu Baba aliyenipa pumzi asubuhi ya leo, na macho ambayo bado yanaona mistari ya daftari, na mkono usiotetemeka sana. Yeye husikia neno kabla halijafika ulimini, wala hahitaji waya. Atukuzwe katika mambo makubwa na katika madogo. Hili ninalowaandikia ni dogo, ni habari za faksi, lakini ndani yake niliona mkono wake.

Vijana wa usharika wetu mmeniomba niandike habari za kazi yangu. Nimefanya kazi Tunduma miaka mingi katika ofisi ya kuchapa na kutuma nyaraka, karibu na geti la mpaka. Mlango wetu ulitazamana na foleni ya malori. Mawakala wa forodha, wasafirishaji, akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya geti, wenye vitenge vyao, wote walipita kwetu, kwa sababu karatasi ndiyo inayovusha mzigo, lori hufuata tu. Mjukuu wangu aliponiona naandika aliuliza, "Bibi, kwa nini hamkupiga picha kwa simu mkaituma?" Nikamwambia, mwanangu, simu yenyewe tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kuzungusha kwa kidole, na ilikuwa imefungwa kwa mnyororo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Simbeye. Alikuwa amestaafu posta, mtu mrefu, mkimya, Mnamwanga wa palepale Tunduma. Mimi nilikuwa binti niliyetoka Itaka na kusoma Mbozi Mission, najua nyimbo zote za kitabu na kuchapa kwa vidole viwili. Wiki yangu ya kwanza nilituma Dar es Salaam kurasa nne za wakala mmoja. Niliziweka zikiwa zimegeuka, upande wenye maandishi haukusomwa, na kule zikatoka nyeupe kabisa. Baada ya robo saa mashine yetu ikalia, ikatoa karatasi yenye mstari mmoja: "Tumepokea ukimya wenu, sasa tunaomba na maneno." Nilitaka ardhi inimeze. Mzee Simbeye aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Miaka kumi baadaye, siku aliyoacha kazi, aliitoa mfukoni akanirudishia.

Alinipa kanuni moja, nami nawapa. Alisema, "Binti, mashine ikisema imetuma, haijasema kitu. Soma imetuma kurasa ngapi. Ulipeleka watoto wanne kisimani, hesabu wanaorudi." Tangu siku hiyo sikuondoka mashineni bila kusoma ile taarifa ndogo inayotoka mwishoni. Watu walinicheka. Wenyewe mtaona huko mbele kama ilinifaa.

Kompyuta ilikuja baadaye. Fundi kutoka Mbeya alituwekea na kifaa kidogo cha kuunganisha na waya wa simu, tukikiita modemu. Akanionyesha jambo ambalo sijaacha kulistaajabia. Unafungua programu ya barua pepe, lakini mahali pa anwani unaandika namba ya faksi. Unaandika maneno yako, unaambatanisha barua ya mteja, unabofya. Modemu inaanza kulia. Mnaijua sauti ile? Hamuijui. Inakwaruza, inapiga mluzi, inanguruma kama vyura wa bondeni mvua ikianza. Na katika kelele zile, wanangu, imo barua. Imo sahihi ya mtu, umo muhuri wa serikali. Vimevunjwavunjwa vikawa sauti, vikapita juu ya milima, na upande wa pili vinakusanywa, nukta kwa nukta, hata mkia wa sahihi unarudi mahali pake. Mara ya kwanza nilimwuliza fundi, "Na hakuna kinachopotea?" Akacheka, "Mama, hii ni hesabu tu." Sawa, ni hesabu. Nami nikajiuliza ni nani aliyeiweka hesabu ikae ndani ya kelele.

Lakini mashine ile ilikuwa na ukaidi wake, na ukaidi mwingi ulikuwa kwenye kiambatisho. Mteja anapokea ukurasa wa mbele tu, wenye jina letu na namba, barua haimo. Nilijifunza kwa kuumia. Kuna siku nilihangaika asubuhi nzima, kumbe nilichoambatanisha hakikuwa barua, kilikuwa ile alama ya njia ya mkato iliyo kwenye uso wa kompyuta. Ni kama kumwelekeza mgeni nyumbani kwako halafu usiwe na nyumba. Kuna siku barua ilikuwa bado wazi kwenye dirisha jingine na mashine haikuthubutu kuigusa. Nyingine ilikuwa imefungwa kwa neno la siri na mwenyewe amekwisha vuka kwenda Lusaka na neno lake kichwani. Picha za rangi nazo zilikuwa nzito, laini ikakatika katikati, ikabidi nizifanye nyeusi na nyeupe kwanza.

Jambo kubwa nililolielewa ni hili. Faksi haibebi faili. Inabeba kurasa. Kwa hiyo kompyuta lazima ifungue kiambatisho yenyewe, iguse kila ukurasa kana kwamba inauchapa, ndipo iuimbe kwenye simu. Basi kabla ya kutuma jaribu kuchapa. Kisichotoka kwenye printa hakitatoka ng'ambo.

Sasa niwaambie siku niliyoisahau kanuni hii ya kuchapa kwanza.

Kulikuwa na msafirishaji mmoja aitwaye Bwana Shaibu, mtu wa Kondoa, Mwislamu mcha Mungu, mwenye malori mawili na mdomo wa utani. Hakuna siku aliyoingia bila kuniuliza, kwa jina la utani alilonipa yeye, "Mama Mchungaji, mashine imesali leo?" Nami namjibu, "Imesali na imefunga. Umebaki wewe." Hapo anacheka mpaka walio nje wanageuka. Mdogo wake, Idi, ndiye aliyeendesha lori moja.

Alhamisi Kuu, saa nane mchana, Bwana Shaibu aliingia na hakuniuliza kama mashine imesali.

"Dada, Idi amefariki."

Niliinuka. "Bwana Shaibu! Wapi?"

"Ng'ambo. Alishikwa na homa njiani, wakamlaza hospitali, saa nne za mwendo toka hapa. Amefariki alfajiri." Alikaa kwenye kiti cha wateja na kofia yake mkononi. "Gari la kumleta liko tayari. Hospitali wanataka kibali cha serikali yetu, chenye muhuri, kwa faksi. Ofisi yao ikifungwa leo, haifunguliwi mpaka Jumanne. Dada, dini yetu haipendi maiti akae. Na mama yetu yuko Kondoa, amekwisha ambiwa."

Nilimpa pole, nikamwambia akae palepale. Mashine yetu ya zamani ya faksi ilikuwa imepigwa na radi mwezi uliotangulia, maana mnajua radi za Tunduma. Ofisi nyingine yenye kifaa kama chetu mwenyewe alikwisha kufunga akaenda kwao Ileje kwa sikukuu. Ilibaki kompyuta yangu, na sikuwa na wasiwasi nayo, kwa sababu ambayo nitawaambia.

Saa nane na nusu kibali kilifika kutoka Dar es Salaam kwa barua pepe. Kurasa tatu. Nikaandika namba ya hospitali, nikaambatanisha, nikabofya. Modemu ikaimba. Kwenye kioo ikaandikwa: imetumwa.

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Shaibu, akashika kofia aondoke.

"Subiri kidogo, kaka yangu."

Nikafungua taarifa. Ukurasa wa mbele na kurasa tatu za kibali ni nne. Pale paliandikwa moja.

Niliwaza, pengine taarifa imekosea. Niseme ukweli, nilitamani iwe imekosea, nimwache aende na faraja yake. Lakini watoto wanne hawakurudi wote kutoka kisimani. Nikamwambia apige simu. Alikuwa na simu ya mkononi, akaipata hospitali, akapokea karani mmoja aitwaye Ba Chanda, yaani Bwana Chanda kwa lugha ya kwao, na sauti yake niliisikia mpaka nilipokaa.

"Awe, hapana bwana, barua hapana. Karatasi ni moja tu. Iko na jina ya ofisi na namba. Barua iko kwa nani?"

"Inakuja, Ba Chanda, inakuja. Mtafunga saa ngapi?"

"Saa kumi tunafunga, bwana. Leo kila mtu anaenda kwao."

Nikatuma tena. Moja. Nikakagua yote niliyowaeleza: si njia ya mkato, hakina neno la siri, madirisha mengine nimeyafunga. Nikatuma mara ya tatu. Moja. Bwana Shaibu alikuwa anavuta tasbihi yake, na mlio wa zile shanga ulinipiga zaidi kuliko makaripio.

Ndipo nikakumbuka printa. Nikaiambia kompyuta ichape kibali. Badala ya kuchapa ikatoa kijidirisha kikiniuliza: faili hili lifunguliwe na programu gani?

Jibu nililijua.

Ninyi mmekulia kwetu, mnajua tunavyofanya kabla ya Pasaka. Tunakwenda makaburini, tunapalilia, tunapaka chokaa, ili alfajiri ya Jumapili tukisimama kuimba pale, pawe pasafi kama nyumba inayongoja mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda Jumamosi, nikapalilia kaburi la baba yangu. Jumatatu nikaingia ofisini na ule moyo wa usafi bado unanichemka, nikaona kompyuta imekuwa nzito, imejaa mambo. Nikaketi nikaipalilia. Kila programu ambayo sikuijua jina, niliing'oa. Ikawa nyepesi, nikafurahi, nikajisifu hata nyumbani. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi nayo. Kumbe kati ya nilivyong'oa ni kile kisomaji cha mafaili ya PDF, ambayo ndiyo ofisi za serikali hupenda kutuma. Kompyuta ilikuwa inapokea kibali, inakiangalia, haina wa kukifungua, inapeleka ukurasa wa mbele mtupu na kunyamaza.

Ningeweza kusema ni laini mbaya. Tunduma laini mbaya ni habari ya kila siku, angeamini.

"Bwana Shaibu," nikasema, "kosa ni langu. Jumatatu niliisafisha mashine nikatoa kitu kisichotakiwa kutolewa. Ndicho kinachofungua barua yako."

Akaacha kuhesabu shanga.

"Kosa lina dawa, dada?"

"Lina. Sijajua kama ipo karibu."

"Basi tafuta dawa. Lawama tutagawana baadaye, zinatutosha wote wawili."

Wanangu, nimesikia mahubiri mengi ya msamaha. Lile lilikuwa fupi kuliko yote.

Nilijaribu kukivuta kisomaji kile kwa mtandao. Mashine ikahesabu na kuniambia itachukua saa sita. Diski yake anayo fundi, na fundi yuko Mbeya. Nikafikiri: kompyuta hii haiwezi kufungua PDF, inaweza kufungua nini? Picha. Picha zina programu yake ya tangu kuzaliwa, ile hata mimi na jembe langu sikuigusa. Kama Dar wangetutumia kila ukurasa kama picha, nyeusi na nyeupe, ningeweza.

Nikachukua simu ya Bwana Shaibu nikampigia mtumishi aliyetutumia kibali, dada mmoja aitwaye Rehema.

"Dada, nimeshafunga kompyuta," akasema. "Nimeshika mkoba, naona basi langu kwa dirisha."

"Dada Rehema, nakuomba. Kibali ulichotuma hakifunguki huku, na kosa ni la kwangu, si la kwako. Ukikiweka kwenye skana, ukachagua picha, ukurasa mmoja mmoja, nyeusi na nyeupe, nitakituma. Kuna marehemu anasubiri."

Kisha nikasikia kishindo cha mkoba ukiwekwa mezani.

"Nitajie anwani tena, polepole."

Picha ya kwanza ilichukua dakika saba kuingia. Ya pili, nane, na katikati laini ilikatika nikaunganisha upya. Ya tatu ilianza. Bwana Shaibu alitazama saa ya ukutani, akaweka kofia magotini na mikono juu yake.

"Saa kumi na dakika tano," akasema taratibu. "Basi. Wamefunga. Ni mapenzi ya Mungu."

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Hiyo ni saa yetu. Kwao ni saa tisa na dakika tano."

Sisi wa mpakani tunaishi na saa mbili. Ukivuka geti kwenda Nakonde unarudisha mshale nyuma saa moja, ukirudi unausogeza mbele. Tunafanya hivyo bila kufikiri, tunanung'unika tu mtu akichelewa kikao. Bwana Shaibu alivuka pale kila wiki, ila msiba ulikuwa umemwondolea. Aliinua kichwa. Hatua chache kutoka mlangoni petu, ng'ambo ya geti, ilikuwapo saa nzima ambayo haijatumika, imewekwa pale tangu kabla hatujazaliwa, na sisi tulikuwa tunaipita kila siku kama jiwe la njiani.

Picha ya tatu ikaingia. Safari hii sikusahau: nikachapa kwanza. Printa ikatoa ukurasa, na muhuri juu yake, duara kamili. Nikaambatanisha zote tatu. Nikaandika namba, tarakimu moja moja, Bwana Shaibu akinisomea. Nikabofya.

Modemu ikaanza kulia. Nilisikiliza kelele ile nikijua sasa imebeba nini. Imebeba ruhusa ya mtu kurudi kwao.

Ikanyamaza. Nikafungua taarifa. Nikaisoma mara mbili kabla sijaamini.

"Nne," nikasema.

Simu ya Bwana Shaibu ikalia palepale, ni Ba Chanda. "Bwana Shaibu? Zimefika. Zote nne, na muhuri naona. Leteni gari asubuhi, mimi nitakuwa hapa. Poleni sana."

Bwana Shaibu alishuka kitini, akasujudu kwenye sakafu ya saruji, kati ya meza na printa, ambapo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Mimi nikasimama, nikainamisha kichwa, nikasema Baba Yetu moyoni. Nje malori yalikuwa yananguruma. Sijawahi kusali mahali patakatifu kuliko pale.

Kesho yake, Ijumaa Kuu, tulikuwa tunatoka kanisani alasiri, gari la marehemu likatokea getini. Foleni ilikuwa imefunga barabara kama kawaida, lori nyuma ya lori. Dereva wa kwanza akatambua kuwa aliyekuwemo ni dereva mwenzao, akazima injini, akasogea pembeni kidogo kidogo. Wa pili naye. Habari ikapita kutoka dirisha hadi dirisha, na foleni ile ambayo haikuwahi kumpisha hata waziri, ikafunguka. Tulisimama na vitabu vyetu vya nyimbo mikononi mpaka Idi alipopita. Jumamosi alizikwa Kondoa, mama yake akiwepo.

Alfajiri ya Jumapili nilisimama makaburini Mbozi Mission, chokaa inameta gizani. Nilitazama kaburi la baba, nikaona kando yake kuna mimea ya maua ambayo mama aliipanda zamani. Siku ile nilipopalilia, mama, mzee kabisa, alikuwa ameketi pembeni akinielekeza, "Huo acha. Huo ng'oa. Huo nao acha, huoni ni ua?" Nilikuwa na mtu wa kuniambia makaburini, na kwenye kompyuta sikutafuta wa kumwuliza. Fundi alipokuja kurudisha kisomaji nilimwomba aniandikie jina la kila programu na kazi yake, nikabandika ukutani, na orodha ile ilikuwapo mpaka nilipostaafu.

Bwana Shaibu alikaa Kondoa siku nyingi. Siku moja kivuli kikaziba mlango, nikainua macho. Amekonda. Kofia ni ileile. Akasimama kizingitini, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Mama Mchungaji, mashine imesali leo?"

Nilishindwa kumjibu ile ya siku zote. Nikamwambia, "Imesali, kaka. Ilikuwa inakuombea wewe."

Hakucheka. Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akanitolea karatasi zake. "Ni kurasa tano," akasema. "Hesabu."

Nawe uliyesoma hadi hapa, kijana wangu, Bwana akulinde getini na ng'ambo ya geti. Akupe mwalimu mwenye subira, na ukikosea akukutanishe na mtu atakayetaka dawa kabla ya lawama. Neno lako jema lisipotee njiani, lifike lote, hata ukurasa wa mwisho. Na saa yako ikionekana imekwisha, akuonyeshe ile aliyokuwekea. Amina.